Kung'arisha ganeti nyumbani: jiwe lipi liingie pipani?

Biashara ya kung'arisha mawe kwa pipa la kuzungusha huwavutia watu wenye mtaji mdogo kwa sababu haidai karakana wala fundi wa kukata vito. Pipa dogo la mpira, mota ya umeme, unga wa msasa na maji vinatosha kuanzia. Mawe huzunguka usiku na mchana, yakisuguana yenyewe kwa yenyewe hadi yanapokuwa laini na kumetameta. Hata hivyo, kwa ganeti, faida au hasara huamuliwa kabla mota haijawashwa, yaani siku ya kuchambua mawe. Jiwe zuri likishaingia pipani haliwezi kurudishwa lilivyokuwa.

Ganeti si jiwe moja

Ganeti ni jina la ukoo wa mawe. Rodolaiti, yenye rangi nyekundu inayoelekea zambarau, hupatikana katika Bonde la Mto Umba mkoani Tanga, na pia Tunduru, mkoani Ruvuma, ambako wachimbaji walifurika kuanzia mwaka 1994. Ganeti nyekundu iliyoiva huonekana karibu nyeusi ikiwa nene, na bei yake huwa ya chini. Tsavoraiti ya kijani ndiyo yenye heshima kubwa sokoni. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliigundua kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata Kenya karibu na mbuga ya Tsavo, ambako ndiko jina lilikotoka. Tsavoraiti iliyokatwa ikizidi karati 2 huwa adimu. Karati 5 ni sawa na gramu 1, kwa hiyo kipande ghafi cha nusu gramu, kikiwa safi, ni mali ya kupelekwa kwa mkataji.

Umba kuna fundisho jingine. Katika miaka ya 1970 watu waliokuwa wakitafuta rodolaiti walikuta ganeti za rangi ya waridi iliyochanganyika na chungwa. Wanunuzi hawakuzijua, wakazikataa, na wachimbaji wakaziita malaya kwa kuwa hazikuwa na ukoo. Baadaye wataalamu walizipima, na leo jiwe hilo huuzwa kwa jina hilohilo katika masoko ya nje kama kito cha thamani. Aliyezitupa alipoteza mali. Ambaye angezisaga pipani angeipoteza vilevile.

Mafungu matatu

Wazoefu huyalowesha mawe maji, huyaweka mbele ya tochi au jua, kisha huyagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mawe yanayopitisha mwanga vizuri, yenye rangi hai na yasiyo na nyufa. Hayo huuzwa ghafi au hukatwa. Mkataji huhitaji umbo lote la jiwe ili apange pande zake. Jiwe likiviringishwa hupungua uzito, na mnunuzi wa mawe ya kukata hulitoa thamani. Jiwe lenye rangi ngeni nalo hubaki hapa mpaka lipimwe na mjuzi.

Fungu la pili ni mawe yenye rangi nzuri lakini yenye ukungu au madoa ndani, au madogo mno kwa mkataji. Hili ndilo fungu la pipa. Kwa ganeti nyekundu iliyoiva, vipande vya milimita 5 hadi 10 hufaa zaidi, maana vikiwa vikubwa havipitishi mwanga na hata vikimetameta huonekana vyeusi.

Fungu la tatu ni mawe yenye nyufa za kupenya au yaliyoshikana na mwamba laini. Hayo hupasuka njiani na vigae vyake hukwaruza mawe mengine. Hayafai kununuliwa, hata yakiwa rahisi.

Kazi ya pipa

Ugumu wa ganeti ni kati ya 6.5 na 7.5 katika kipimo cha Mohs. Unga wake wenyewe hutengenezewa msasa. Kwa sababu hiyo haichanganywi na mawe laini, kwani itayala. Tena ganeti ni nzito: rodolaiti huzidi kwazi ya ukubwa uleule kwa karibu nusu ya uzito. Jiwe zito huanguka kwa kishindo na kumeguka kingo. Dawa yake ni kujaza pipa hadi robo tatu, na kuchanganya punje za plastiki au vipande vidogo vya kauri ili kupunguza kishindo. Maji hutiwa yakaribie usawa wa mawe ya juu, bila kuyafunika.

Hatua ni nne. Ya kwanza hutumia unga wa silikoni kabaidi wa namba 60/90 ili kuondoa ncha. Ya pili hutumia namba 120/220, na ya tatu namba 500. Ya nne ni unga wa alumini oksaidi wa kung'arishia. Pipa la kilo 1.4 hutumia takriban vijiko vinne vikubwa vya unga kwa hatua. Kila hatua huchukua kama siku saba, na ya kwanza huweza kuzidi. Mawe ya mtoni, kama mengi ya Tunduru, yameshaviringishwa na maji, hivyo humaliza hatua ya kwanza mapema.

Kosa linaloharibu mzigo mara nyingi ni uchafu. Punje chache za unga wa namba 60 zikisalia katika hatua ya mwisho, mng'ao hauji na kazi ya wiki tatu hurudiwa. Kila badiliko la hatua hudai kuosha mawe, pipa na kifuniko, na kutoa kila jiwe lililopasuka kwa sababu ufa huficha unga. Wenye uwezo hutenga pipa moja la kung'arishia tu.

Tope lisimwagwe katika sinki, kwani hutuama na kuziba bomba. Liachwe ndani ya ndoo, maji yamwagwe na mashapo yatupwe yakiwa na unyevu, maana vumbi la mawe lina madhara kwa mapafu. Pipa lifunguliwe kila siku mwanzoni ili kutoa gesi inayoweza kujikusanya ndani.

Hesabu

Wengi hukokotoa faida kwa kilo walizonunua, wakisahau kwamba pipa hula jiwe. Mathalani, mfanyabiashara anunue kilo 2 za fungu la pili kwa shilingi 1,000 kila kilo. Robo ya uzito ikiishia katika tope, hubaki kilo 1.5. Akitoa gramu 300 za mawe yaliyopasuka au yasiyong'aa, anabaki na kilo 1.2 za kuuza. Kila kilo sasa imemgharimu karibu shilingi 1,670, kabla ya umeme, unga wa msasa na nauli. Tena fedha hiyo imelala wiki nne au zaidi.

Mzigo wa kwanza, kwa hiyo, uwe mdogo, na mawe yapimwe kabla na baada ya kila hatua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya mizigo miwili au mitatu, daftari litaonyesha jiwe la kutoka wapi hupungua kiasi gani, na hiyo ndiyo bei ya kubishania kwa dalali. Vilevile mnunuzi atafutwe kabla: watengenezaji wa shanga na mapambo, na maduka ya watalii, hutaka mawe ya ukubwa unaolingana, si mchanganyiko.

Leseni na stakabadhi

Kung'arishia nyumbani hakumtoi mtu nje ya sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Madini inakataza mtu kuwa na madini bila idhini inayompa haki hiyo. Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani, ambako mauzo yanatakiwa kupitia. Anayeanza apite kwanza ofisi ya madini ya mkoa kuuliza leseni inayomhusu, na atunze stakabadhi ya kila mzigo. Mali isiyo na karatasi huweza kukamatwa yote.

Kwa anayetaka kutofautisha fungu la kwanza na la pili kwa uhakika, Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha hufundisha kazi ya vito. Ada ya mafunzo inaweza kurudi kwa jiwe moja la tsavoraiti lililookolewa lisiingie pipani.