Kuifikia Kompyuta ya Nyumbani kutoka Kazini: Lango Lisilopaswa Kuachwa Wazi

Mweka hazina wa kikoba anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta, jijini Dar es Salaam, akigundua saa tano asubuhi kwamba hesabu za michango zimebaki kwenye kompyuta ya nyumbani, halazimiki kuomba ruhusa na kupanda daladala kuzifuata. Kompyuta hiyo, ikiwa imewashwa na kuandaliwa mapema, inaweza kufunguliwa kutoka mbali na kutumika kana kwamba mwenyewe ameketi mbele yake. Kuiunganisha si kazi ngumu. Kazi ni kuhakikisha kwamba anayeifungua ni mwenyewe peke yake.

Katika utaratibu huu faili hazihami. Kompyuta ya nyumbani hutuma picha ya skrini yake kupitia intaneti, nayo hupokea miondoko ya kipanya na herufi zinazobonyezwa upande wa pili. Mfumo wa Windows una huduma yake ya kazi hiyo, iitwayo Remote Desktop, lakini toleo la Home, ambalo ndilo lililomo katika kompyuta nyingi zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani, haliwezi kupokea mgeni kwa huduma hiyo. Toleo la Pro linaweza. Ni vyema mtumiaji athibitishe toleo alilonalo kabla ya kuhangaika na mipangilio.

Maelekezo mengi ya zamani humtaka mwenye kompyuta aingie kwenye ruta na kufungua lango namba 3389, linalotumiwa na Remote Desktop, ili ombi lolote kutoka nje lifike moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Ushauri huo haufai kufuatwa. Zipo programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta malango ya aina hiyo, na zikilipata moja huanza kujaribu majina na nywila bila kuchoka. Wahalifu wanaofunga faili za watu na kudai malipo wameitumia njia hii kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2019 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya dosari iliyopewa jina la BlueKeep, iliyomwezesha mvamizi kuingia kupitia huduma hiyo bila kujua nywila yoyote. Uzito wa dosari hiyo ulionekana pale kampuni ilipotoa marekebisho hata kwa Windows XP, mfumo ambao ilikwisha kuacha kuuhudumia tangu mwaka 2014.

Isitoshe, kwa nyumba nyingi zinazotumia intaneti ya laini za simu, njia hiyo haifanyi kazi kabisa. Anwani za mtandao za mfumo wa zamani ni takribani bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hivyo kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya kushirikiana. Ombi linalotoka nje huishia kwenye mitambo ya kampuni, ambayo haina namna ya kujua limlenge mteja yupi. Mtu anaweza kubadili mipangilio ya ruta wiki nzima asifanikiwe, naye akadhani kosa ni lake.

Njia inayofaa hugeuza mwelekeo: kompyuta ya nyumbani ndiyo inayoanza kupiga hodi nje, na lango halifunguliwi. Programu kama Chrome Remote Desktop, RustDesk na AnyDesk hutumia mtambo wa kati unaozikutanisha kompyuta mbili. Wanaopendelea uthabiti zaidi huweka mtandao wa siri kati ya vifaa vyao kwa Tailscale, iliyojengwa juu ya teknolojia ya WireGuard, ambapo kila kifaa hutambuliwa kwa ufunguo wake na kifaa kisichosajiliwa hakijibiwi. Kwa njia yoyote, akaunti inayotumika iwe na nywila ndefu isiyotumika kwingineko pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili, kwa kuwa anayeiteka akaunti ameiteka kompyuta.

Maandalizi yote hufanywa mwenyewe akiwa nyumbani. Kompyuta iliyolala haijibu, hivyo mpangilio wa kulala uzimwe. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya mezani inaweza kujiwasha yenyewe iwapo mpangilio huo umewekwa katika mfumo wake wa kuwakia. Ruta nayo inahitaji umeme, jambo linalosahaulika mara nyingi. Bando pia lihesabiwe, maana skrini inayotumwa saa nzima hula data.

Kwa upande wa ofisi, kompyuta ya kazini ni mali ya mwajiri, na kuweka programu ya aina hii bila kibali cha afisa TEHAMA ni kufungua njia kati ya mtandao wa taasisi na chumba cha mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Kikundi kinachotunza majina na michango ya wanachama kizingatie pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Matapeli nao huzitumia programu hizi hizi. Hupiga simu wakijitambulisha kuwa ni watumishi wa benki au mafundi, wakamtaka mwananchi apakue programu na kuwasomea namba inayoonekana kwenye skrini. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa kifaa, naye asiyeomba msaada hana sababu ya kuitaja. Aliyekwisha kuitaja akate intaneti mara moja, aiondoe programu hiyo, abadilishe nywila zake kwa kutumia kifaa kingine, aiarifu benki kwa namba anayoifahamu mwenyewe na kutoa taarifa kituo cha polisi.