Maana ya "Limbikizi" katika Dira ya Maji
Mteja wa Pangani, Kibaha, aonapo tarakimu 412 katika dira yake ya maji, asidhani kuwa ametumia uniti 412 kwa mwezi mmoja. Usomaji wa dira ni limbikizi, au kwa Kiingereza "cumulative": hujumlisha maji yote yaliyopita tangu dira ilipofungwa, wala haurudi sifuri mwezi uishapo. Matumizi ya mwezi hupatikana kwa kutoa usomaji uliotangulia katika usomaji wa sasa. Kwa mfano, 412 kutoa 398 ni uniti 14, yaani lita 14,000. Tunamshauri mteja aandike usomaji wake kila mwezi na kuulinganisha na ankara. Akiona tofauti, aiarifu mamlaka ya maji mapema, kwani deni nalo hulimbikizwa.