Ordinateri Moja, Milango Miwili

Wengi wenu mlituuliza kwa nini sasa ordinateri ya chama ikiwashwa inauliza kwanza: Ubuntu au Windows? Leo tunawajibu, na tunaungama pia kosa letu.

Ordinateri hiyo ya mezani inakaa kwa mama katibu. Ndani yake mna daftari la MUSO: akiba ya kila mama, mikopo, na kisanduku chekundu cha kusaidiana. Watoto nao wanaisomea. Flashi zilizopita kwenye nyumba za fotokopi zilituletea virusi kila mara. Kufuta Windows hatukuweza, maana programu yetu ya hesabu inafanya kazi humo tu. Basi binti ya mwenzetu, anayesoma informatiki, akatushauri tuweke mfumo wa pili pembeni ya ule wa kwanza.

Mfumo ni programu kubwa inayoendesha ordinateri yote. Ubuntu ulitoka mara ya kwanza mwaka 2004, ukianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe si geni kwetu: ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu ya neno letu "utu". Nao haulipiwi.

Kuweka mifumo miwili ni kama kujenga ukuta katikati ya nyumba moja. Windows inapunguziwa nafasi, Ubuntu unapewa giga 25 au zaidi.

Binti aliuliza kwanza: "Mama, kopi ya daftari iko wapi?" Tukatazamana. Haikuwepo. Akanakili daftari kwenye flashi mbili, moja kwa mweka hazina, nyingine kwa mama rais. Wengine wetu tulinung'unika kwamba anatuchelewesha.

Ukuta ukiwa unajengwa, umeme ukakatika. Uliporudi, Windows ilikataa kufunguka. Ilibidi kuiweka upya, na vilivyokuwamo vikafutika. Daftari lilipona kwa sababu ya flashi zile. Lakini picha za defile yetu ya 8 Machi zilipotea, hakuna aliyezifikiria. Humo mlikuwa na picha ya mwisho ya mwenzetu tuliyemzika mwezi wa tano. Tulienda kuwaomba watoto wake msamaha.

Mara ya pili tuliomba umeme wa batri ya sola kwa jirani, na kazi ikaisha vizuri. Sasa hesabu inafanywa upande wa Windows. Watoto wanaingia upande wa Ubuntu: wakubwa wanaandika katika LibreOffice, inayofungua pia kazi za Word na Excel, wadogo wanajifunza herufi na hesabu kwa GCompris.

Mama anayetaka kufanya hivyo nyumbani ashike haya:

1. Nakili kila kitu kwanza, picha pia, mahali pawili.
2. Usianze bila umeme wa akiba.
3. Jaribu Ubuntu kutoka kwenye flashi kabla ya kuuweka. Ukichagua kujaribu tu, hauguse vitu vyako.
4. Ukifika kwenye kuchagua, chukua "kuweka pembeni ya Windows". Ile ya kufuta diski yote usiiguse.

Flashi ya giga 16 inatosha. Na kama kuna mama mwenye picha za ile defile katika simu yake, tafadhali azilete. Watoto wa mwenzetu wanazingoja.