Nia ya Mitomingi na Kusudi la Semzaba

Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, awe anasoma Tukuyu mjini au huku Kinyala kwenye migomba na mashamba ya chai, akiulizwa kwa nini Ngengemkeni Mitomingi alizitia moto karatasi za sensa za Ngoswe, aghalabu hujibu kwamba alizichoma ili kutuonyesha madhara ya uzembe kazini. Jibu hilo limezoeleka katika vitabu vya mwongozo vinavyokaririwa usiku wa kuamkia mtihani, na mara nyingi hupata alama. Walakini ukilipima kwa insafu utaona halisimami, maana Mitomingi hakutujua sisi, wala hakuwa na haja ya kutufundisha lolote. Yeye alikuwa baba aliyeghadhibika. Mwenye haja na sisi ni marehemu Edwin Semzaba, mtunzi wa mchezo wa *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*.

Maswali ni mawili, na kila moja lina ushahidi wake. La kwanza ni la nia ya mhusika, na jawabu lake sharti litafutwe ndani ya ulimwengu wa hadithi: mtu huyu alijua nini saa ile, aliogopa nini, alitamani nini, na ni nani aliyemtia uchungu. La pili ni la uteuzi wa mwandishi, ambaye mbele yake zilikuwapo njia nyingi naye akashika moja. Na hilo halijibiki mpaka msomaji azifikirie zile njia zilizoachwa.

Tuanze na nia. Katika riwaya huwapo msimulizi wa kutunong'oneza yaliyo moyoni mwa watu, lakini tamthilia haina fadhila hiyo. Batini ya mhusika hujulikana kwa maneno yake, kwa matendo yake, na kwa yale wenziwe wanayomsema. Ngoswe ametumwa na serikali kuhesabu watu kijijini, akapokewa kwa heshima, kisha akaiweka kazi kando akajitia katika mapenzi na Mazoea, binti wa balozi Mitomingi. Hapa msomaji wa Rungwe ana mtaji ambao mwongozo hauwezi kumwuzia. Monica Wilson, aliyeandika habari za Wanyakyusa wa huku Rungwe katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951, alieleza jinsi vijana wa kiume walivyohama kwa wazazi wakajenga vijiji vyao na marika zao, na jinsi mke alivyojisitiri asionane na baba mkwe wake. Na mahari ya ng'ombe ilizifunga aila mbili kwa kifungo kisichofunguliwa kwa wepesi. Aliyelelewa kwa masimulizi ya ada hizo hahitaji kuambiwa kwamba binti akichukuliwa pasipo posa, baba hapotezi binti peke yake, bali hupotewa na uso wake mbele ya watu. Lakini na atahadhari: mchezo huu si wa Unyakyusani, na mila ya msomaji humpa dhana tu, nayo haina budi kurudishwa kwenye maneno ya Mitomingi mwenyewe, na yakiikataa, iachwe.

Sasa tuje kwa Semzaba. Angaliweza kumpa Mitomingi fimbo ampige Ngoswe, na hapana mtazamaji ambaye angalishangaa. Lakini majeraha yangalikuwa ya mtu mmoja, na hesabu ya serikali ingalisalimika. Kwa kuuelekeza moto kwenye karatasi, mtunzi ameifanya taksiri ya faragha iwe hasara ya umma. Tena ameteua kazi isiyokubali nusu, kwa kuwa kijiji kimoja kikikosekana jumla yote imeharibika. Mimi huuona uteuzi huu kuwa bora kuliko mafunzo yote yanayoorodheshwa chini ya neno dhamira. Ni kweli kitabu kilichapishwa mwaka 1988, mwaka ule ule nchi ilipohesabu watu wake kwa mara ya 3 tangu uhuru, lakini mwanafunzi asikimbilie kusema kwamba kilitungwa kwa ajili ya sensa hiyo. Tarehe peke yake haishuhudii kusudi.

Wala kosa la kuchanganya nia na kusudi si la watoto peke yao. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, riwaya ya binti aliyelelewa kwa ukali wa baba yake Zakaria, akaporomoka alipokuwa mbali na macho ya nyumbani, palitokea wakubwa walioyasoma matendo ya Rosa kana kwamba ni mapendekezo ya Kezilahabi, na kitabu kikapigwa marufuku mashuleni, ingawa baadaye kiliruhusiwa. Laiti wangaliuliza kwa nini mwandishi hakuikomesha hadithi yake kaburini, bali aliwafikisha binti na baba mbele ya Mungu, wote wawili wakiwa na la kujibu.