Ukiuza Nyumba Moja Kati ya Mbili, Usisahau Ushuru

Swali hili tumeulizwa mara nyingi katika mikutano. Familia ina boma huku Mwala, na pia ina nyumba kule Mlolongo iliyojengwa baba alipokuwa kazini. Sasa karo imebana na lazima nyumba moja iuzwe. Je, serikali itadai kitu?

Inaweza kudai. Kuna ushuru unaotozwa faida ambayo mtu anapata akiuza ardhi au nyumba. Wazee wengi husema hawaujui, na si uongo: ulisimamishwa mwaka wa 1985, watu wakauza ploti zao miaka mingi bila kuulizwa. Lakini ulirudishwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Mwenye kulipa ni muuzaji. Mnunuzi naye ana ushuru wake wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani.

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo wengi huumia. Sheria inasamehe nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani yake mfululizo kwa miaka 3 kabla tu ya kuihamisha. Haiulizi ni nyumba gani ilijengwa kwanza, inauliza umekuwa ukilala wapi. Tuseme baba amestaafu, amerudi Mwala, na ile ya Mlolongo ameipangisha. Mwaka mmoja baadaye anaiuza. Basi, msamaha umempita. Kama angeiuza kabla ya kufungasha vyombo, akiwa ameishi humo miaka hiyo 3, asingedaiwa hata senti. Kwa hivyo mkijua mtauza, zungumzeni kabla mtu hajahama.

Tufanye hesabu kidogo. Nyumba ilinunuliwa shilingi 1,800,000. Mkaongeza vyumba na kuvuta maji kwa shilingi 700,000. Wakili na gharama nyingine za kununua na kuuza zikafika 100,000. Mnaiuza shilingi 5,000,000. Faida ni 2,400,000, na ushuru wake ni 360,000. Lakini kama zile 700,000 hamna karatasi za kuzionyesha, faida itahesabiwa kuwa 3,100,000 na ushuru utakuwa 465,000. Hizo shilingi 105,000 zimekwenda kwa sababu ya risiti zilizoliwa na panya! Tunajua fundi wa kwetu haandiki risiti. Mwandikieni nyinyi wenyewe, atie sahihi na namba ya kitambulisho, na risiti za saruji na mabati ziwekwe pamoja na hati ya ploti.

Wengine hushauriwa waandike bei ya chini katika mapatano. Hilo ni kosa, na mkigombana na mnunuzi baadaye, ile bei ndogo ndiyo mtakayoonyeshwa.

Na boma la Mwala je? Shamba la kilimo lisilofika ekari 50, lililo nje ya manispaa na miji, halitozwi ushuru huu. Ardhi ambayo mtu anaiuza kwa bei isiyozidi shilingi 3,000,000 pia imesamehewa. Walio ndani ya manispaa ya Machakos au Kangundo-Tala waulize kwanza mpaka umefika wapi. Lakini jamani, msiuze shamba linalowalisha kwa kukimbia ushuru wa nyumba ya mjini. Shamba nalo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi.

Tena sheria ya mali ya ndoa ya 2013 hairuhusu mmoja wa mke na mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na inataja nyumba hata zikiwa zaidi ya moja. Mama asiambiwe habari wakati mnunuzi ameshaleta lori.

Kabla ya kupokea hata shilingi ya kwanza, nendeni Huduma Centre mjini Machakos mkaulize watu wa KRA. Bebeni namba ya PIN, mapatano ya siku mliponunua, na risiti zenu. Ushuru wenyewe hulipwa kwa njia ya iTax. Siku yake ni pale mnapomaliza kulipwa bei yote au pale uhamisho unapoandikishwa, lolote litakalotangulia. Kwa hivyo fungu hilo litengwe kando kabla pesa hazijaanza kugawanywa nyumbani.