Makuti Singida? Mchoraji, umetokea wapi?

Chukua mfano wa mtoto wa Kinyaturu, darasa la tano, kijijini Singida. Nyumbani ni Kinyaturu tu, Kiswahili kakikuta shuleni, na akifika sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kazi ipo! Mwalimu kasema andikeni insha, "Nyumbani Kwetu". Dogo anajikakamua: "Nyumba yetu ni fupi. Juu tunaanika alizeti." Basi, Kiswahili kimemwishia hapo, wakati nyumba nzima anaiona kichwani.

Sasa mpe insha hiyo mwanafunzi wa uchoraji kule Bagamoyo, kwenye kile chuo cha sanaa kilichoanza 1981, siku hizi TaSUBa. Mtoto wa pwani huyo! Akisoma "nyumba" mkono unamkimbilia kwenye makuti, na mnazi pembeni. Halafu anakumbuka alizeti. Ataianika vipi kwenye mteremko ule? Kasheshe!

Nyumba ya dogo ni tembe, jamani. Kuta za miti na udongo, paa limelala bapa na juu yake limemwagiwa udongo. Mvua za Singida si za kila siku, ndiyo maana linavumilia. Nyuma ya nyumba ni majabali, minazi hakuna. Kweli mabati yameingia na tembe zinapungua, lakini hiyo ndiyo sababu ya kuzichora mapema.

Mchoraji mjanja akikwamia kwenye alizeti atamrudia mwandishi: "Mdogo wangu, paa lenu likoje?" Hapo dogo atatafuta "bapa", atatafuta "boriti", tena bila fimbo, maana kuna mtu anataka kujua. Ila akirudishiwa kibanda cha makuti, ataona vitabu ni vya watu wa pwani. Insha ijayo atakuandikia bahari ambayo hajawahi kuiona.

Na wala si ndoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umewanoa waandishi na wachoraji pia. Na sisi wengine tuliokodolea macho Ndumilakuwili na Lodi Lofa kwenye Sani tunajua: picha ndiyo ilitufanya tuhangaike na maneno.

Kwa hiyo, wanafunzi wa sanaa, pandeni basi mwende na penseli. Iramba kuna michoro ya kale miambani, mtawakuta wenzenu walishatangulia. Kuku wa kienyeji yupo, nauli mjitegemee.