'Kusapoti' si kuwa nacho: Funzo la lugha kutoka kwa projekta ya Waithaka

JUMAPILI mbili zilizopita, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Waithaka, eneobunge la Dagoretti Kusini, jijini Nairobi. "Mjomba, hii kitu imenishinda. Si ukuje uniangalizie? Mum amekaa tu, haongei."

"Kitu" chenyewe kilikuwa projekta. Alikuwa ameinunua kwa akiba ya miezi mitano katika duka moja la katikati ya jiji, na alikuwa na sababu nzuri. Mamake, yaani dada yangu, macho yake yamefifia. Bintiye aliolewa ughaibuni mwaka huu na dada hakuweza kusafiri. Video ya arusi ililetwa, lakini kwenye runinga ndogo ya sebuleni hakumtambua bibi arusi kati ya wasimamizi wake. Kijana akawaza: nikiikuza picha ijae ukuta, mama atamwona mwanawe.

Picha ilijaa ukuta kweli, ila ilikuwa ukungu mtupu. Dada alitazama kwa dakika chache, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi macho yangu yameisha." Tangu hapo akanyamaza. Hilo ndilo lililonipandisha matatu.

Naandika haya katika safu ya lugha kwa kuwa nilichokikuta pale kilikuwa tatizo la lugha kabla ya kuwa tatizo la mitambo.

Nilianza na stakabadhi. Iliandikwa kwa Kiingereza kuwa projekta ile "supports 1080p". Nilimuuliza mpwa wangu alivyoelewa. "Muuzaji aliniambia inasapoti full HD. Si ni sawa na kusema iko nayo?" La hasha! Si sawa hata kidogo.

Kitenzi 'kusapoti' tumekizoea michezoni. Mimi nimeisapoti Gor Mahia tangu utotoni, lakini sijawahi kuvaa jezi yake na kuingia uwanjani. Anayesapoti timu si mchezaji wa timu. Vivyo hivyo, projekta 'inayosapoti' 1080p ni ile inayokubali kupokea picha ya ukubwa huo. Ikishaipokea, huifinya ili itoshe katika uwezo wake yenyewe. Uwezo huo huhesabiwa kwa pikseli, yaani vijisehemu vidogo vya mwanga vinavyounda picha. Picha ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla 2,073,600. Katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha maelezo, kwa herufi za kutafuta na miwani, nilisoma kuwa projekta ya mpwa wangu ina pikseli 800 kwa 480. Hizo ni 384,000 tu, chini ya moja kwa tano ya alizodhani amenunua.

Muuzaji, basi, hakusema uongo. Alitumia neno ambalo mnunuzi alilielewa vingine, akanyamaza. Lau mazungumzo yale yangefanyika kwa Kiswahili kinachotenganisha vitenzi viwili, 'hupokea' na 'huonyesha', mtego usingenasa. "Mashine hii hupokea picha ya 1080p, lakini huonyesha pikseli 800 kwa 480." Sentensi hiyo mtoto wa darasa la sita ataielewa.

Hapa najua baadhi yenu mtanikosoa: kwa nini 'huonyesha' wala si 'huonesha'? Wanaotetea 'onesha' hutuelekeza kwenye mzizi 'ona': kama 'soma' huzaa 'somesha', 'ona' nayo izae 'onesha'. Mantiki hiyo ni safi. Wanaotetea 'onyesha' hulihusisha neno hilo na 'onya', na hutukumbusha kwamba vizazi na vizazi vimeliandika hivyo. Maandishi mengi rasmi ya Tanzania siku hizi hutumia 'onesha', ilhali shule na magazeti ya Kenya aghalabu hutumia 'onyesha'. Nafuata desturi ya nyumbani. Msomaji wa umbo lolote kati ya hayo mawili hapotei.

Turudi sebuleni. Neno la pili lililohitaji kuchambuliwa lilikuwa 'ukungu'. Mpwa wangu alikuwa ameizungusha pete ya lenzi usiku kucha. "Nimefokasi mpaka vidole vinauma." Hakujua kwamba ukungu wa picha una zaidi ya chanzo kimoja. Lenzi isiyoelekezwa vyema huleta ukungu, na huo huondolewa kwa pete. Uchache wa pikseli nao huleta kitu kinachofanana na ukungu, na huo hauondolewi na pete yoyote. Chanzo cha tatu ni macho ya mtazamaji, na hicho ndicho dada alichokuwa amejihukumia.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Sogea hadi karibu kabisa na picha. Ukiona vijiraba vya pikseli vimepakana wazi, kila kimoja na ukingo wake, lenzi iko sawa. Kinachopungua ni pikseli zenyewe. Ukiona vijiraba vimeyeyukiana, endelea kuzungusha pete. Nilimwita dada, nikamsimamisha pua na ukuta. "Unaona nini?"

"Naona kama mkeka. Vijiraba vijiraba."

"Basi macho hayajaisha. Ni mashine."

Aliniangalia kwa muda, kisha akaenda jikoni kupika chai. Nilijua shughuli sasa imeanza.

Dawa ya pikseli chache ni kuipunguza picha. Kijana alikuwa ameikuza hadi inchi 100 za kupima kutoka pembe hadi pembe, yaani upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Kila projekta ina uwiano kati ya umbali wake na upana wa picha. Yake ilikuwa 1.4, kwa hivyo picha ya upana wa mita 2.21 ilihitaji projekta kukaa mita 3.1 kutoka ukutani. Tuliisogeza hadi mita 1.9 hivi. Picha ikashuka hadi inchi 60, upana wa sentimita 133. Pikseli zilezile sasa zilibanana katika eneo dogo, na mwanga uleule ukakolea karibu mara tatu, kwa kuwa eneo lilikuwa limepungua hadi kama thuluthi moja. Kwa macho yaliyofifia, picha ndogo iliyokolea ina manufaa kuliko kubwa iliyopauka.

Mafundi wetu husema projekta 'inatupa' picha. Wameutafsiri usemi wa Kiingereza neno kwa neno. Katika Kiswahili kinachotupwa ni taka, au jiwe, au lawama. Mwanga humulika. Tuna kitenzi 'mulika' tangu enzi za mienge na koroboi, na kinatosha kabisa: projekta humulika kiwambo. Kuhusu jina la chombo, sina ugomvi na 'projekta'. Neno limeshakaa kinywani na limepata irabu yake ya mwisho.

Lakini 'kiwambo' nitalitetea. Linatokana na kitenzi 'wamba', yaani kuvuta ngozi au kitambaa kikakaza juu ya fremu. Ngoma huwambwa. Kitanda cha kamba huwambwa. Mpwa wangu alikuwa ametundika shuka kwa misumari miwili, nalo likawa na mikunjo na kupepea kila mlango ulipofunguliwa. Nyuso za wageni wa arusi zilikuwa zikinyooka na kupinda. Tulitoka hadi kwa fundi wa makochi kando ya barabara. Alitutengenezea fremu ya mbao, akaanza kubana kitambaa cheupe katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande wa pili unaoutazama, akaendelea hivyo akielekea pembeni. Nilimuuliza kazi hiyo anaiitaje. "Kuvuta tu, mwalimu." Hakulijua neno 'kuwamba', ingawa mikono yake ilikuwa ikiwamba. Nilimpa neno, naye akanipunguzia shilingi hamsini. Tangu leo msomaji akisikia 'kiwambo', akumbuke kwamba neno lenyewe linaagiza namna ya kukitengeneza.

Jambo jingine ni lile mafundi waliitalo 'kistoni'. Projekta ikiinuliwa au kuinamishwa, picha haibaki mstatili. Hupanuka upande mmoja na kubana upande mwingine, mithili ya ubavu wa ndoo. Zipo projekta zenye kitufe cha kuinyoosha, na kijana alikuwa amekibonyeza hadi mwisho. Hakujua kwamba kitufe hicho hunyoosha kwa kuzima pikseli za pembeni, na pikseli ndizo zilizokuwa adimu. Tulikirudisha kwenye sifuri, tukaweka projekta juu ya kigoda kilicholingana na picha, ikitazamana na kiwambo ana kwa ana. Nimesikia mtu akilitafsiri neno hilo kuwa 'jiwe la msingi'. Amekosea pande zote mbili: jiwe la msingi hukaa chini ya jengo, na hilo la Kiingereza hukaa kileleni mwa tao. 'Kunyoosha picha' kunatosha.

Nilikuta pia karatasi iliyobandikwa juu ya mashine: "ANGALIA LENZI!" Kijana alikusudia kuwaonya watoto wa dadake mwingine. Lakini 'angalia' ina maana mbili, kujihadhari na kutazama, na watoto walichagua ile ya pili. Waliinama mmojammoja kuangalia lenzi kama walivyoamriwa! Mwanga ule unaweza kudhuru macho. Tuliandika upya: "USICHUNGULIE LENZI." 'Chungulia' haina maana ya pili ya kumponza mtoto.

Jioni ilipokaribia, kijana alitaka kuanza mara moja. Nilimwomba asubiri giza na afunge mapazia. Projekta haina mwanga mweusi; weusi wa picha ni mahali isipomulika. Sebule ikiwa na mwanga, kila cheusi huwa kijivu, na suti ya bwana arusi huonekana kama imefuliwa mara mia.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakifai kwa mashine hizi. Historia inawakana. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri katika Tanganyika, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Maelezo yalichezwa kwa santuri, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zake. Nia ya mradi ilikuwa ya kikoloni, lakini lugha ilimudu. Katika zama zetu, DJ Afro amejijengea jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, na vibanda vya video vikafurika. Kama lugha yetu inaweza kusimulia kilicho ndani ya kiwambo, inashindwaje kueleza mashine inayokimulika?

Hili si suala la mapambo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Ukivisoma vifungu hivyo pamoja, unapata swali gumu: maelezo ambayo mnunuzi hayaelewi ni maelezo gani? Kijitabu cha projekta ile kilikuwa na lugha sita, na Kiswahili hakikuwemo. Duka lilikataa kurudisha pesa, likisema stakabadhi iko wazi. Ilikuwa wazi kwa nani?

Hadi wenye bidhaa watakapobadilika, nendeni dukani na maswali matatu ya Kiswahili. Mosi, "Mashine hii yenyewe ina pikseli ngapi?" Msisitizo uwe kwenye 'yenyewe', na jibu la 'inasapoti' msilikubali. Pili, "Mwanga uliotajwa kwenye kasha ulipimwa pale kwenye kiwambo, au ni wa taa iliyo ndani?" Tarakimu za kuvutia kwenye makasha ya bei nafuu aghalabu ni za taa. Tatu, "Nikitaka picha ya upana huu, niiweke umbali gani?" Muuzaji akishindwa kuyajibu yote matatu, jaribu duka jirani.

Saa mbili usiku tulizima taa. Dada aliketi mita moja na nusu kutoka kiwamboni, kikombe cha chai mkononi. Bibi arusi alipojitokeza mlangoni mwa kanisa, nilimsikia akisema, "Amevaa hereni za mama."

Ni kweli. Zilikuwa hereni za marehemu mama yetu, na mimi niliyekuwa na macho mazima sikuwa nimeziona.